Santuri ya Saba

"Dada Hafsa, vaa hizi kwanza," Majid alisema huku akimnyooshea hedifoni, "halafu uniambie kama nimerukwa na akili."

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, wakati ambao Kivinje yote hujifungia ndani kulikimbia jua na hata mbuzi hawaonekani barabarani. Hii ilikuwa Alhamisi ya saba Majid kuja katika nyumba ile kutoka Masoko, kwenye redio anakofanya kazi. Alhamisi zote sita zilizopita, jambo la kwanza alilofanya akishavua viatu lilikuwa kumtazama Hafsa kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Leo hakumtazama. Hilo lilimtia Hafsa hofu kabla hajasikia chochote.

Karibu na mlango, juu ya mkeka, Bi Mwahija alikuwa akishona kofia. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu Yahya, mume wa Hafsa, na tangu Majid aanze kuja hakukosa hata mara moja. Mwenyewe alisema anakuja kuwasitiri ili watu wasiwaseme vibaya. Msimuamini. Alikuja kuhakikisha kwamba mjane wa ndugu yake hachekicheki ovyo na mtu wa bara, mtoto wa wakulima wa Kitomanga, ambaye ukoo wake Kivinje hakuna anayeujua.

Na kilichomleta Majid kilikuwa muziki, angalau mwanzoni. Yahya katika ujana wake alikuwa mpishi melini, akashuka London na kukaa huko miaka sita akiosha vyombo katika ukumbi mmoja wa chini ya ardhi ambamo muziki ulikuwa ukipigwa. Alirudi Kilwa na gramafoni na kreti moja la santuri. Ndani ya kreti lile, santuri saba alizitenga na kuziandikia namba kwenye kona ya kila ganda. "Ukimpa mtu hizi saba," aliandika kwenye kikaratasi, "umempa asidi jazi yote. Nyingine ni mapambo."

"Asidi si ile ya betri?" Bi Mwahija aliuliza siku ya kwanza. "Sasa jazi yake inachoma nini?"

"Bi mkubwa, jina lenyewe lilianza kama utani wa wapiga santuri," Majid alimjibu. "Walichukua jazi ya wazee, wakaitia midundo ya vijana, ikachezeka."

Basi akaanza kipindi chake cha Jumamosi, santuri moja kila wiki, na kila Alhamisi akaja kuirekodi. Ya kwanza ilikuwa mdundo wa zamani wa Wamarekani weusi uliokatwa na kuungwa, ukawa unajirudia bila kuchoka. Ya pili ilikuwa kinanda, kile kinono cha makanisani, kikipigwa na mtu ambaye ni dhahiri hakuwa na haraka ya kwenda kanisani. Ya tatu, filimbi na tumba. Ya nne, kijana anaghani juu ya gitaa kubwa la besi. Ya tano, mwanamke aliyeimba kwa sauti ya chini, kama anamwimbia mtu mmoja tu. Siku ya santuri ile ya tano vidole vya Majid na vya Hafsa vilikutana juu ya ganda na havikuachana upesi, na Bi Mwahija akajichoma sindano. Ya sita ilikuwa ya vijana wa Japani, tarumbeta juu ya mikwaruzo ya santuri nyingine.

Hafsa, ambaye tangu akae eda hakuwahi kufungulia muziki nyumbani kwake, alijikuta anaishi kwa ajili ya Alhamisi. Alimpenda Majid. Alimpenda kwa jinsi alivyofumba macho kinanda kikiingia, kwa jinsi alivyomwita dada Hafsa mbele ya wifi yake na Hafsa tupu wifi akienda uani. Wiki mbili nyuma barua ya posa ilikuwa imeletwa, na jibu lilitakiwa kesho.

Akavaa hedifoni. Majid akabonyeza kompyuta yake.

Hakukuwa na muziki. Kulikuwa na ule mkwaruzo wa sindano inayozunguka santuri ikishaisha. Kisha mtu akakohoa. Mkwaruzo tena, wa santuri nyingine, na mtu yule yule akakohoa. Mara sita.

Hafsa alizibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili.

"Umesikia?" Majid aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesikia."

"Siku za kurekodi hapa hatukusikia kitu, na kule studio nilidhani ni jirani. Jumamosi iliyopita msikilizaji wa Somanga akapiga simu hewani, akaniambia kwa upole kwamba huyo mgonjwa wetu wa studio tumpeleke hospitali. Nilicheka. Nikarudi kusikiliza, kicheko kikaisha. Mimi sitegi maikrofoni hapa, Hafsa. Waya unatoka kwenye gramafoni unaingia kwenye kompyuta. Inachukua kilichomo kwenye santuri, basi."

"Labda walikohoa wapigaji wenyewe."

"Rafiki yangu Dar anayo ile ya tatu, nakala ile ile. Nimemwomba aisikilize mpaka mwisho. Haina kitu." Akairudisha rekodi mwanzo. "Sasa sikiliza tena. Usisikilize kikohozi, sikiliza kinatokea wapi."

Hafsa akasikiliza. Cha kwanza kilikuwa mbali, chenye mwangwi wa nje, kama mtu yuko uani kwenye kisima. Cha pili kilitoka jikoni. Angeweza kuapa, maana hakuna chumba kingine katika nyumba ile kilicho na mlio ule wa mabati. Cha tatu na cha nne vilikuwa ukumbini, kimoja mbele ya kingine. Cha tano kwenye kizingiti cha chumba cha kulala. Cha sita kilikuwa karibu mno, nyuma ya pazia la sebule hii hii waliyokaa, hatua tatu kutoka mgongoni mwake.

Akavua hedifoni, akageuka. Pazia lilikuwa limetulia.

Kikohozi chenyewe hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu ya kuvuta. Miaka kumi na moja ya ndoa kikohozi kile kilimtangulia Yahya kila alikoingia, mpaka mapafu yalipomshinda miaka miwili iliyopita.

"Mnanong'ona nini nyie?" Bi Mwahija aliuliza bila kuinua macho.

"Ni mambo ya mitambo, Bi Mwahija," Majid alisema.

"Mitambo huwa hainong'onezwi."

Majid alijisogeza karibu na Hafsa, akijifanya anapanga nyaya. "Kuna jingine," alisema. "Mjomba wangu Abdulwahab anakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa kuchukua jibu. Lakini mama amepata salamu kutoka Kivinje. Ameambiwa umekaa na mume miaka kumi na moja bila hata mimba ya kuharibika."

Hafsa hakuuliza salamu zilitoka kwa nani. Aliyezituma alikuwa ameketi mkekani, anapitisha uzi kwenye kofia.

"Mama amesema nini?"

"Amesema mjane sawa, wa pwani sawa, lakini mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Hatatoa radhi yake." Sasa akamtazama, na macho yake yalikuwa na usingizi wa siku nyingi. "Mimi sijali, Hafsa. Nitakuoa hivyo hivyo."

"Utaoa bila radhi ya mama yako?"

Majid aliinama akaukunja upya waya aliokuwa ameshaukunja. Hafsa hakumlaumu. Angemjibu haraka ndiyo, angemwogopa.

Na kulikuwa na jambo ambalo Hafsa angeweza kulisema pale pale, likamaliza maneno yote. Siku mbili kabla Yahya hajafa, Hafsa alipokuwa anampangia vitu vyake, alichungulia ndani ya ganda la santuri ya saba, ile ambayo Yahya hakuwahi kuipiga mbele ya mtu. Ndani alikuta karatasi ya maabara ya tangu mwaka wa tatu wa ndoa yao. Ilisema kwamba Yahya bin Selemani hana uwezo wa kupata mtoto. Kwa miaka minane Hafsa aliitwa tasa, akanywa mizizi, akafukizwa, akalia sakafuni, na mume wake alikuwa akipita ukumbini na kikohozi chake, anajua, ananyamaza.

Alfajiri ya siku aliyokufa, Yahya alimshika mkono akamwambia, "Hafsa, niwie radhi." Hafsa aligeukia ukutani. Alasiri alikuwa maiti. Kabla jeneza halijatoka, kama ilivyo ada, mjane aliletwa nyuma ya shuka, akaulizwa kama amemsamehe mumewe, mara tatu. Wanawake walimwona anainamisha kichwa, wakaitikia alhamdulillahi, safari ikaanza. Hakuna aliyegundua kwamba mdomo wake haukusema neno. Tangu siku hiyo aliificha karatasi pale pale alipoikuta na akamsitiri marehemu, kwa sababu maiti husitiriwa, hata yule aliyekuumiza.

"Naweza kukifunga kipindi na hizi sita," Majid alisema. "Hii ya saba tuiache."

"Iko wapi?"

"Hafsa, tuiache."

"Amekuja kutoka kisimani mpaka nyuma ya pazia," Hafsa alisema. "Unadhani ataishia hapo? Piga."

Majid akaitoa santuri, akaipangusa, akaiweka. Haikuwa ya studio kama zile sita. Ilirekodiwa ukumbini, mbele ya watu, na ulisikia bilauri zikigongana, watu wakicheka, mtu akipiga mluzi, kisha besi ikaanza kutembea na saksafoni ikaingia juu yake taratibu. Hapo Hafsa alielewa kwa nini Yahya aliipa nafasi ya mwisho. Zile sita zilikuwa zimeeleza asidi jazi inatengenezwaje. Hii ilikuwa ni watu wenyewe wakiicheza, na mahali fulani nyuma ya ukuta wa ukumbi ule, kijana wa Kivinje alikuwa anaosha vyombo na kupiga mguu chini.

Lakini kadiri kibao kilivyosonga, sebule ilibadilika. Joto lote la saa nane likaondoka. Ikaja harufu ya karafuu na tumbaku, ile iliyokuwa kwenye mashati ya Yahya, nayo mashati yale yaligawiwa zamani. Majid aliacha kutazama kompyuta. Alikuwa anatazama kiti cha uvivu cha marehemu kilichokuwa pembeni ya dirisha. Turubai lake, lililokuwa limenyooka mchana kutwa, lilikuwa linalegea polepole kwenda chini, mpaka likatulia kama linavyotulia mtu akishajiegemeza.

Saksafoni ikaisha. Watu wa London wakapiga makofi, makofi yakafifia, sindano ikaingia kwenye mfereji wa mwisho.

Kikohozi. Mara mbili, na pumzi ndefu.

"Hafsa. Niwie radhi."

Kofia ilianguka mkekani. Kwenye kompyuta ule mstari wa sauti ulikuwa umepanda na kushuka. Santuri ikazunguka mzunguko mmoja, sindano ikarudi mahali pale pale.

"Hafsa. Niwie radhi."

"Santuri hii imetengenezwa mwaka tisini na tatu," Majid alinong'ona. "Hafsa, wewe mwaka tisini na tatu ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Hafsa. Niwie radhi."

Bi Mwahija alikuwa amesimama, anasoma Ayatul Kursiy. Alipoimaliza sauti ilikuwa bado ipo. "Ni yeye," alisema. "Ni mdogo wangu. Mjibu, wifi. Mjibu akalale."

"Siku ile sikumpa."

"Ulimpa. Mimi ndiye niliyekushika bega. Uliinamisha kichwa."

"Kichwa kiliinama, wifi. Ulimi haukusema."

Majid alinyoosha mkono kuinua sindano. Hafsa akamzuia. "Iache. Haya ninayosema na yeye ayasikie." Kisha akaingiza vidole ndani ya ganda tupu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Majid. Alimtazama akiisoma. Aliona nyusi zake zikipanda, kisha uso mzima ukilegea kwa huruma, na nusura alie kwa sababu miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo kwa jambo hili.

"Miaka yote hii umekaa na hili peke yako?" Majid aliuliza.

"Ningemwambia nani?"

"Hafsa. Niwie radhi," sauti ilisema kutoka kwenye santuri, na turubai la kiti likalia kidogo.

Hapo Hafsa akamgeukia wifi yake, akitegemea kuona mshangao. Hakuuona. Bi Mwahija alikuwa anaitazama karatasi mkononi mwa Majid kama mtu anayemwona mgeni aliyemtarajia siku nyingi.

"Hujauliza ni karatasi ya nini," Hafsa alisema.

Bi Mwahija aliuvuta mtandio wake mbele ya uso.

"Wifi. Mtu akiona karatasi ngeni huuliza. Wewe hujauliza."

"Nilimsindikiza mimi," Bi Mwahija alisema mwishowe. Akaketi chini. "Lindi, hospitali. Alilia njia nzima kurudi. Akaniapisha. Mwanamume kuitwa vile hapa Kivinje, wifi, bora afe. Nikasema acha waseme ni mwanamke. Wanawake tumezoea kusemwa."

"Mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tano ulinipeleka Rondo kwa mganga," Hafsa alisema. Hakupaza sauti, na Majid baadaye alisema afadhali angepaza. "Ulinishika mikono yote miwili nikafukizwa mpaka nikazimia. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mwezi huu ukamtumia salamu mama yake Majid."

"Niliogopa," Bi Mwahija alisema huku machozi yakimtoka. "Ukiolewa ukazaa, watu si watahesabu wenyewe? Watamjua mdogo wangu kaburini."

"Hafsa. Niwie radhi."

Hafsa alitembea mpaka kwenye kiti cha uvivu. Majid alitaka kumfuata, akaona bora asimame alipo. Ubaridi pale ulikuwa mkali kiasi kwamba pumzi ya Hafsa ilionekana, jambo ambalo Kilwa hakuna aliyewahi kuliona. Akapiga magoti mbele ya kiti kitupu. Alikuwa na hasira bado, msidhani hasira iliisha. Lakini alimkumbuka pia Yahya wa siku za mwanzo, aliyemletea maandazi ya moto asubuhi na kumwambia jina la kila chombo kilichokuwa kinapigwa. Alichoka kuwabeba Yahya wote wawili.

"Yahya," alisema, "nimekusikia. Nimekusamehe kwa ulimi wangu, Mungu shahidi, na hawa wawili mashahidi. Nimekusamehe mara tatu. Nenda."

Turubai likanyooka. Lilinyooka kwa mara moja, kama linavyonyooka mtu anapoinuka, na pazia likafunguka na kujifunga bila upepo. Joto la mchana likarudi ndani ya chumba. Majid akainua sindano, ikaikwaruza santuri, na hakuna aliyejali.

Halafu Bi Mwahija akasogea kwa magoti mpaka alipokuwa Hafsa, akaushika upindo wa kanga yake.

"Na mimi, wifi," alisema. "Niwie radhi na mimi."

Hafsa alimtazama mwanamke yule mtu mzima, mvi zimemtoka chini ya mtandio, na moyo ukamuuma. Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, chai ikachemshwa, kesho mjomba Abdulwahab akajibiwa hapana kwa heshima na maisha yakaendelea.

"Yule amekufa," alisema. "Hana miguu ya kwenda kokote kutengeneza alichokiharibu, ndiyo maana nimemsamehe hivi hivi. Wewe miguu unayo. Utakwenda Kitomanga, uketi mbele ya mama yake Majid, umwambie kwa mdomo wako uliyotuambia hapa. Karatasi utaibeba. Ukirudi, uniombe tena."

"Nimfichue ndugu yangu?"

"Utamwambia mtu mmoja tu, mwanamke mwenzako. Mimi mlinisema kwa mji mzima."

"Hafsa, si lazima," Majid alisema. "Nimeshakwambia nitakuoa hata—"

"Najua utanioa, Majid." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tupu mbele ya wifi yake, na wote watatu walilisikia. "Nakupenda, na kwa hiyo sitaki uje kwangu umegombana na mama yako kwa uongo wa watu wengine. Ningekuwa mgumba kweli, ningesema ndiyo leo, tukaenda kumpigia magoti pamoja. Mimi sijui kama ni mgumba. Hakuna aliyewahi kunipima."

Majid alishusha kichwa. Alipokiinua alikuwa anamtazama tena kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na safari hii hapakuwa na mtu wa kujichoma sindano.

Nje, mtu wa kwanza kuamka Kivinje alisikika akifungua dirisha. Bi Mwahija akaokota kofia yake, akauchomeka uzi ili usifumuke, akanyoosha mkono kwa Majid, naye akampa karatasi. Aliikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaitia kifuani.

"Magari ya Lindi yanayopitia Kitomanga," aliuliza, "asubuhi yanapita Nangurukuru saa ngapi?"

"La kwanza saa moja, Bi Mwahija."

"Basi mpigie simu mama yako," alisema. "Mwambie kesho asiende shamba."